Kompyuta ya Kikundi: Tubadilishe Mfumo au Tubaki Nao?



Siku hizi vikundi vingi vya kujisaidia vina kompyuta. Nyingine ilinunuliwa kwa harambee, nyingine ililetwa kama msaada, na nyingine ilitumika ng'ambo miaka kadhaa ndipo ikauzwa dukani hapa kwetu. Ndani yake mna majina ya wanachama, akiba zao, mikopo yao na mihtasari ya mikutano. Sasa swali moja limeanza kusumbua. Katibu anawasha kompyuta, kwenye kioo panatokea ujumbe kwamba mfumo umezeeka, ubadilishwe. Mwenyekiti anasema tubadilishe mara moja. Mweka hazina anasema hakuna pesa. Katibu anaogopa kazi yake itapotea. Na fundi naye ana lake la kusema.

Katika makala haya tutaangalia jinsi kikundi kinavyoweza kulijibu swali hilo chenyewe. Msiseme hili ni jambo la vijana waliosomea kompyuta. Hii ni mali ya kikundi, na mali ya kikundi huamuliwa na kikundi.

MFUMO NI NINI?

Kompyuta yenyewe ni chuma, plastiki na nyaya tu. Ukiiwasha, kuna programu kuu inayoamka kwanza na kusimamia zile nyingine zote: ya kuandika barua, ya mahesabu, ya printa, ya intaneti. Programu hiyo kuu ndiyo huitwa mfumo endeshi. Mfikirie mtunza ghala la mahindi. Kila gunia linaloingia au kutoka linapita kwake, na funguo zote anazo yeye. Kufuli zake zikiwa mbovu, hata mahindi yawe mazuri namna gani, mwizi ataingia.

Kompyuta nyingi za vikundi vyetu zina mfumo wa Windows, unaotengenezwa na kampuni ya Microsoft ya Marekani. Mfumo huu hutoka kwa matoleo, kama vitabu vya shule. Windows 7 ilikoma kuhudumiwa tarehe 14 Januari 2020. Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, ilikoma kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Iliyoifuata ni Windows 11, iliyotoka mwaka 2021.

"KUKOMA KUHUDUMIWA" NI KUFANYA NINI?

Hapa watu wengi wameelezwa vibaya. Wengine wameambiwa kompyuta yao itazimika isiwake tena. Si kweli. Kompyuta yenye Windows 10 huwaka kama kawaida, huandika barua, hupiga hesabu na kuchapisha.

Kilichokoma ni ushonaji wa viraka. Hakuna mfumo usio na matundu. Kila mwezi watengenezaji hugundua matundu mapya ambayo mwizi anaweza kupitia, nao hutuma viraka vya kuyaziba kupitia intaneti. Mfumo ukikoma kuhudumiwa, viraka havitumwi tena, lakini wezi hawaendi likizo. Tena wanapata msaada wasiostahili: kiraka kinapotolewa kwa ajili ya Windows 11, wao hukichunguza na kuuliza, "Je, Windows 10 nayo haina tundu kama hili?" Mara nyingi inalo, kwa sababu mifumo hii miwili ni ndugu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuchukue mfano wa kweli kutoka ng'ambo. Tarehe 14 Machi 2017, Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu kubwa katika Windows. Miezi miwili baadaye, tarehe 12 Mei 2017, kirusi kilichoitwa WannaCry kilianza kupitia tundu lile lile katika kompyuta ambazo hazikuwa na kiraka hicho. Kilifunga faili zote na kudai malipo ya dola 300 ili zifunguliwe. Kwa siku chache kiliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Huko Uingereza hospitali nyingi za umma zilikwama, na maelfu ya wagonjwa waliokuwa wamepewa siku ya kuonana na daktari wakaahirishiwa. Dawa ilikuwapo miezi miwili mizima. Waliopatikana ni wale ambao hawakuwa wameitumia.

Mtu atasema, "Sisi tuko kijijini, nani atatutafuta?" Kirusi cha namna ile hakimtafuti mtu kwa jina. Kilijisambaza chenyewe kutoka mashine hadi mashine. Na vingine husafiri kwa flashi: unaenda mjini kuchapisha barua kwenye saiba, unarudi na flashi yako, na mgeni amekaa ndani yake.

NI NINI HASA TUNACHOLINDA?

Kabla ya kuzungumza juu ya bei, hesabuni kwanza kilichomo ndani. Tuseme kikundi kina wanachama 25, na kila mmoja anaweka shilingi 200 kwa wiki. Kwa wiki 52 kila mmoja ana shilingi 10,400, na kikundi kina shilingi 260,000. Pesa hizo labda ziko benki, salama kabisa. Lakini nani alikosa wiki tatu? Nani alikopa 5,000 akarudisha 3,500? Nani alilipiwa na dada yake? Benki haijui. Hayo yako kwenye kompyuta. Yakipotea wiki ya kugawana, pesa zitakuwapo lakini kitakachogawanywa ni ugomvi. Kikundi cha miaka kumi huweza kuvunjika kwa alasiri moja.

Tena mna namba za vitambulisho na za simu za wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayeweka habari za watu azilinde. Mwanachama aliwaamini na namba yake, hakuiacha ianguke mikononi mwa mkora.

Basi swali halisi ni hili: daftari yetu iko salama kiasi gani, na tufanye nini ili iwe salama kwa pesa tunazoziweza? Mfumo mpya unaweza kuwa sehemu ya jibu. Unaweza pia usiwe.

TAZAMENI HALI YENU KWANZA

Kabla ya mkutano, wachagueni watu wawili wakusanye habari hizi na kuziandika kwenye karatasi.

1. Tuna mfumo gani? Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika winver, kisha bonyeza Enter. Kijisanduku kitatokea na kutaja toleo.

2. Kompyuta ina nguvu gani? Windows 11 inadai RAM isiyopungua gigabaiti 4, diski isiyopungua gigabaiti 64, na chipu ya usalama iitwayo TPM, toleo la 2.0. Gigabaiti 4 ni ya kuingilia mlangoni tu, mashine itakokota miguu. Kwa kazi isiyo na kero, tafuteni 8.

3. Ina prosesa gani? Kama ni ya Intel, soma namba yake, kwa mfano i5-6300U au i5-8250U. Tarakimu inayofuata kistari hutaja kizazi: ya kwanza ni kizazi cha sita, ya pili ni cha nane. Ikiwa namba ina tarakimu tano, kama i5-10210U, soma mbili za mwanzo: hicho ni kizazi cha kumi. Windows 11 inakubali kizazi cha nane na kuendelea. Vya nyuma yake, isipokuwa vichache sana vya kizazi cha saba, havimo. Microsoft pia hutoa bure programu ndogo iitwayo PC Health Check, ambayo hupima kompyuta na kusema inafaa au haifai. Ikisema chipu ya TPM haipo, msikate tamaa upesi. Pengine ipo ila imezimwa, na fundi anaweza kuiwasha.

4. Tunaitumia kwa kazi gani? Andikeni zote: hesabu za akiba, barua, baruapepe, kuchapisha. Kazi ngapi zinahitaji intaneti kweli?

5. Tuna vifaa na programu gani za zamani? Printa iliyonunuliwa miaka mingi iliyopita huenda isisikilizane na mfumo mpya. Ulizeni kabla, msije mkawa na mfumo mpya na printa ya kufunikia kitambaa.

NJIA ZILIZOPO

Njia ya kwanza: kuhamia Windows 11 kwenye kompyuta hiyo hiyo. Kama mashine imefaulu kipimo na Windows 10 yenu ni halali, Microsoft haidai malipo ya kuhama. Lakini "bure" hii ina gharama zake. Faili za kupakua ni zaidi ya gigabaiti 4, na hizo ni pesa za bando. Tafuteni mahali penye intaneti nzuri. Kazi yenyewe huchukua saa kadhaa, na stima ikipotea katikati mnaweza kujikuta na mashine isiyowaka, kwa hiyo betri iwe imejaa na waya uwe ukutani. Baada ya kuhama mna siku 10 za kurudi kwenye mfumo wa zamani mkiona mambo hayaendi. Zitumieni siku hizo kujaribu kila kazi mliyoiandika, pamoja na kuchapisha.

Njia ya pili: kuhamia Linux. Huu ni mfumo wa bure na halali, ulioanzishwa mwaka 1991 na kijana wa Finland, Linus Torvalds, na kuendelezwa na watu wengi duniani hadi leo. Una matoleo mengi. Mojawapo ni Ubuntu, iliyoanza mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lenyewe mnalielewa bila mkalimani, ni utu. Jingine ni Linux Mint, ambayo waliozoea Windows huielewa upesi. Mifumo hii hutumwa viraka bila malipo na hukubali mashine nyingi ambazo Windows 11 imezikataa. Hesabu zenu za Excel zinaweza kufunguliwa kwa LibreOffice, nayo ni bure. Tena mnaweza kuijaribu Linux kutoka kwenye flashi bila kuiondoa Windows, mkaona kama printa inaitikia.

Ugumu wake ni nini? Ni mgeni. Mafundi wanaoifahamu si wengi kila mahali, na programu zilizotengenezwa kwa Windows pekee huenda zisikubali. Kama hesabu za kikundi zinatumia programu ya namna hiyo, au faili za Excel zenye makro, zijaribuni kwanza kabla ya kuhama.

Njia ya tatu: kubaki na mfumo wa zamani na kuikata kompyuta na intaneti. Njia hii watu huidharau, lakini kwa vikundi vingine yatosha kabisa. Kama kompyuta ni ya leja na barua tu, na mambo ya M-Pesa na baruapepe yanafanyika kwa simu, mashine hiyo haina haja ya kwenda mtandaoni. Ila sharti liwe sharti. Asiwepo kijana anayeiunganisha jioni aangalie mpira. Na flashi iliyopita saiba isiingizwe humo. Wekeni flashi moja ya kikundi ambayo haiendi kwingine.

Njia ya nne: kununua kompyuta nyingine. Kama iliyopo imechoka hata kwa kazi zake za kawaida, hii ndiyo njia ya haki. Mkinunua iliyotumika, nendeni na ile karatasi ya vipimo: kizazi cha nane au zaidi, RAM ya gigabaiti 8, na diski ya SSD, ambayo hufungua mambo upesi kuliko zile za zamani zinazozunguka. Chukueni bei za maduka matatu kama mnavyofanya mnaponunua mabati. Rahisi ya leo ikikataliwa na mfumo kesho, mmenunua mara mbili.

Kuhusu muda wa ziada: Microsoft ilitoa nafasi ya mwaka mmoja, hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa kompyuta za nyumbani zenye Windows 10 kuandikishwa ili ziendelee kupata viraka. Nafasi ya namna hiyo ni mwavuli wa kuvukia mvua. Si paa la kuishi chini yake.

JIHADHARINI NA NJIA ZA MKATO

Kuna fundi atakayesema, "Mashine imekataliwa, lakini mimi najua kuilazimisha." Anaweza kweli. Lakini Microsoft imesema mashine zilizolazimishwa hazina uhakika wa kutumiwa viraka. Mtakuwa mmebadilisha jina la mfumo na kubaki na wasiwasi ule ule.

Mwingine atawawekea Windows ya kuiba kwa bei ya soda. Vile vijiprogramu vya kuvunjia kufuli ya leseni mara nyingi huja na virusi ndani. Mnamlipa mwizi awawekee mlango.

Na kuna wale wanaotaka kipya kwa sababu ni kipya. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Kikundi ambacho hesabu zake haziandikwi kila wiki hakitaponywa na Windows 11.

KABLA YA KUGUSA CHOCHOTE

Njia yoyote mtakayochagua, hata mkiamua kutobadilisha kitu, fanyeni haya kwanza. Mkisahau mengine yote ya makala haya, msisahau sehemu hii.

1. Nakilini faili zote za kikundi mahali pawili nje ya kompyuta. Nakala moja kwenye flashi au diski ya nje akae nayo mweka hazina. Nyingine iwekwe jengo tofauti, kwa mfano kwa mwanachama mwingine au kwenye kabati la ofisi mnayoiamini. Nyumba ikiungua, nakala zisiungue zote.

2. Zifungueni nakala hizo kwenye kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijafunguliwa ni tumaini tu. Linganisheni jumla ya akiba iliyoko kwenye nakala na iliyoko kwenye mashine.

3. Chapisheni orodha ya akiba na mikopo ya kila mwanachama kama ilivyo siku hiyo. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina watie sahihi, kisha isomwe mbele ya wanachama. Karatasi hii haihitaji stima wala mfumo.

4. Leja ya mkono msiitupe. Usiache mbachao kwa msala upitao.

FUNGUO NI ZA NANI?

Mifumo ya siku hizi huomba akaunti ya baruapepe wakati wa kuwekwa. Fundi aliye na haraka huweka yake, au katibu huweka yake ya kibinafsi. Hapo ndipo kikundi kinapokabidhi funguo za ghala bila kujua. Windows 11 huweza kuifunga diski nzima kwa siri ya namba 48, na namba hizo zikahifadhiwa kwenye akaunti ile iliyotumika. Siku mashine ikizidai namba hizo, na mwenye akaunti amehamia Mombasa au mmekosana, daftari ya kikundi imo ndani na nyinyi mko nje.

Kwa hiyo fungueni akaunti kwa jina la kikundi. Maneno ya siri na zile namba 48 ziandikwe, zitiwe kwenye bahasha iliyofungwa, na bahasha itunzwe kama vile mnavyotunza kijitabu cha benki. Viongozi wawili wajue ilipo. Uongozi ukibadilika, maneno ya siri yabadilishwe siku hiyo hiyo.

KUAMUA PAMOJA

Sasa iteni mkutano. Wale wawili wasome karatasi yao. Fundi akialikwa, aeleze na kujibu maswali, kisha atoke ili wanachama wajadiliane. Gharama zote ziwekwe mezani: fundi, bando, nauli, RAM ya kuongeza, na siku za katibu za kujifunza. Kwa kila njia ulizeni: ikishindikana, tunarudi vipi tulikokuwa? Njia ambayo haina jibu la swali hilo isichaguliwe.

Chagueni pia wakati. Msibadilishe mfumo wiki ya kugawana akiba wala wakati wa ukaguzi wa hesabu. Mwezi ulio kimya ndio mzuri. Kwa mwezi mzima baada ya kubadilisha, katibu aandike hesabu kwenye kompyuta na kwenye leja pia, kisha zilinganishwe. Uamuzi uandikwe kwenye muhtasari: tumechagua nini, kwa nini, kwa shilingi ngapi, na nani atasimamia.

Vikundi viwili jirani vinaweza kuamua tofauti na vyote viwe sawa. Chenye kompyuta ya kizazi cha nane, kinachopokea baruapepe za wafadhili kila wiki, kina sababu nzuri ya kuhama. Chenye mashine ya zamani ya leja tu, isiyounganishwa popote, kinaweza kungoja hadi kipate pesa za kununua nyingine. Kisichofaa ni kuketi katikati: mfumo usio na viraka, intaneti imewashwa kutwa, na nakala hakuna.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kompyuta yetu ikiibwa usiku wa leo, kesho tutajua vipi akiba ya kila mmoja wetu?

2. Ni nani anayejua maneno ya siri ya kompyuta yetu? Asipokuwapo, tutafanya nini?

3. Ni kazi gani zetu zinazohitaji intaneti kweli, na zipi twaweza kuzifanya bila?

4. Kati ya zile njia nne, ipi inafaa mfuko wetu na kazi yetu? Ikishindikana, tutarudi vipi nyuma?

5. Ni nani kati yetu atafunzwa, ili katibu asiwe peke yake anayejua?